Taa wa madoa ya buluu: maswali yamejaa, haya majibu

Haya jamani. Toleo lililopita tuliweka picha moja tu, taa (yule samaki bapa wa baharini mwenye mwiba mkiani) mdogo wa rangi ya kimanjano iliyopauka, mwili mzima madoa ya buluu kama mtoto kamrushia wino, kajibanza chini ya jiwe mkia umebaki nje. Maelezo chini ya picha hayakuzidi mstari. Nikadhani yameisha, kumbe ndo nimejitafutia kazi, wiki mbili hizi simu ya ofisi inaingia meseji za taa tu, huyu anauliza anauma, yule anauliza analika, mmoja akauliza kama anawaka usiku (huyo nimemweka mwisho, asubiri). Nimechagua kumi. Yaliyofanana nimeyachanganya, msininunie.

SWALI: Mwanangu hujambo. Sisi huku tunalima mwani. Tukishuka maji yametoka hao taa wa madoa hatuwaoni kabisa, ila bahari ikianza kurudi tu wanakuja mpaka kwenye vigingi vyetu, wawili watatu, na wenzangu wanasema wanafuata miguu ya watu. Ni kweli? Na vile vishimo kama mabeseni tunavyovikuta mchangani ni vya nani? (Mama Mwani, Jambiani)

JIBU: Shikamoo mama, sijambo. Hawafuati miguu, wanafuata maji. Na ukishalielewa hilo moja huyu samaki umemmaliza karibu wote, maana maisha yake yanaendeshwa na kupwa na kujaa, saa anayoishi nayo ndo ileile saa yenu ya mwani. Huko kwenu siku za bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa inafika kama mita 4, si mchezo, yaani pale unapofunga kamba asubuhi umesimama mkavu, saa sita baadae ngalawa inapita juu. Sasa taa hawezi kubaki hapo akaanikwa na jua. Maji yakitoka anarudi mwambani, anaingia chini ya matumbawe, kwenye kipango au kijishimo, kila mmoja na kwake, analala. Ndo maana hamumwoni. Maji yakigeuka na yeye anageuka, wanapanda na maji yanayojaa vikundi vidogovidogo mpaka kwenye mchanga wenu kwasababu wakati huo minyoo, kaa, kamba wadogo na chaza nao ndo wanaanza shughuli zao. Kwenu ni shamba, kwake ni mgahawa.

Vile vishimo ni kazi ya taa, sio lazima huyu wa madoa tu, taa wengi wanachimba hivyo. Anajilaza juu ya windo kama kifuniko cha chungu, anapiga piga mapezi na kupuliza maji kwa mdomo mpaka mchanga unatawanyika, kisha anamvuta aliyejificha chini. Ajabu ni kwamba macho yake yako juu na mdomo uko chini, kwahiyo tonge lake halioni, anakula gizani siku zote. Anajuaje kama kuna kaa hapo? Harufu, sawa, lakini pia ana vitundu vidogo sana upande wa chini kuzunguka mdomo, ndani vina kitu kama jeli, na hivyo vinanusa umeme. Usicheke mama, kila kiumbe akikaza msuli au moyo ukidunda anatoa umeme kiduchu, we na mimi hatuusikii, taa anausikia. Vitundu hivyo vilielezwa vizuri na daktari mmoja wa Italia, Stefano Lorenzini, mwaka 1678, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe hakujua kazi yake ni nini, hilo limekuja kujulikana karne ya 20.

Kuhusu nyinyi kuumwa: mmelima hapo tangu 1989 na mnajua kuliko mimi, lakini kwa wale wapya, vaeni viatu vya plastiki vyenye soli na maji yakianza kujaa msinyanyue miguu mkaikanyagisha, iburuteni. Taa akisikia mtikisiko wa mchanga anaondoka mwenyewe. Anayechomwa ni yule anayemshukia mgongoni.

SWALI: Mzee, tumebishana hapa mpaka karibu kupigana. Kuna taa wa madoa ya buluu wa mviringo na kuna mwingine wa madoa ya buluu lakini kama tiara. Ni dume na jike au ni samaki wawili? (Kijana wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam)

JIBU: Samaki wawili, aliyesema dume na jike alipe soda.

Huyu wa kwenye picha yetu ni wa mviringo wa yai, madoa ya buluu kali kabisa, makubwa na madogo, na mkiani ana mistari miwili ya buluu inayokwenda kila upande kama utepe. Mwili wake hauzidi sana sentimita 35 kwa upana, fikiria sinia dogo, ukijumlisha na mkia anafika kama 75 hadi 80 hivi. Kwa kisayansi anaitwa Taeniura lymma, na hilo Taeniura lenyewe maana yake ni mkia wa utepe.

Yule wa tiara, wa kona kona, ni wa ukoo wa Neotrygon. Mtazame usoni ana mchirizi mweusi unaokatiza machoni kama jambazi wa kwenye filamu, na mkia wake una mapete meusi na meupe. Madoa yake ya buluu yamefifia. Zamani hao wote kuanzia huku mpaka Pasifiki waliwekwa kapu moja wakaitwa Neotrygon kuhlii, mpaka 2016 wataalamu walipotoa karatasi za kulivunja kapu hilo kuwa spishi kadhaa. Kwahiyo hata maprofesa walibishana, msione aibu.

Tofauti nyingine ambayo mtu wa Feri haioni kwasababu samaki keshakufa: wa tiara anajifukia mchangani, anabaki macho tu nje. Wa utepe hapendi kujifukia, yeye ni mtu wa mawe, ukimtafuta mchana chungulia chini ya matumbawe utaona mkia wa buluu unaning'inia, mwenyewe kajiona kajificha kumbe nusu yake iko barabarani. Na yule wa madoadoa meupe kwenye mgongo mweusi, mabawa makubwa, anayeruka, huyo ni pungu, msimchanganye humu, yeye anaogelea katikati ya maji wala hakai chini kama hawa.

SWALI: Shikamoo anko. Niko darasa la sita. Baba alileta taa nyumbani, nilipomgeuza nikaona ana uso mwingine chini, macho mawili na mdomo unacheka. Kwanini ana nyuso mbili? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, swali lako nimelipenda kuliko yote ila usiwaambie wakubwa.

Mdomo ni mdomo kweli. Ila yale sio macho, ni pua. Macho yake yako juu, umeyaona? Yametokeza kama vifungo viwili. Sasa chungulia nyuma ya kila jicho kuna tundu, hilo ndo la kuvutia pumzi. Samaki wengine kama changu wanameza maji kwa mdomo yanatokea kwenye mashavu, lakini taa akikaa chini mdomo uko mchangani, angemeza mchanga akapaliwa, kwahiyo anavuta maji kwa tundu za juu, yanapita ndani, yanatokea kwenye mipasuo mitano kila upande chini ya tumbo. Mipasuo hiyo nayo ulidhani mbavu, si ndio? Mbavu hana. Mfupa hata mmoja hana, mwili wote ni gegedu, shika sikio lako hapo juu linapokunjika, basi taa mzima kajengwa kwa kitu cha namna hiyo. Papa pia. Hao ni ndugu, taa ni kama papa aliyekaliwa.

SWALI: Mambo vipi. Mi ni guide wa watalii huku kwetu. Mwezi uliopita mgeni alidungwa na huyu ray wa madoa kwa mguu, captain akasema tumwagie mafuta ya taa eti ndio dawa sababu jina ni moja, mwingine akasema mkojo. Mgeni alilia saa mbili. Tungefanya nini? (Beach Boy, Watamu)

JIBU: Poa kaka. Kwanza huyo kapteni nimemcheka mpaka machozi, halafu nikasikitika, maana mgeni wa watu kaungua kidonda na kanuka kibatari juu yake. Mafuta ya taa hayana kazi hapo. Mkojo nao waachieni wenyewe.

Dawa ya kwanza ni maji ya moto. Sio vuguvugu, sio ya kuchemka, ya moto kiasi ambacho mtu anaweza kuvumilia, nyuzi 40 hadi 45 hivi, azamishe mguu humo kati ya nusu saa na saa moja na nusu, yakipoa mnaongeza mengine. Anayeyapima ayapime kwa mkono wake mwenyewe mzima asimtegemee mdungwa, maana mguu wenye maumivu yale haujui tena moto ni upi, utamchubua. Kwanini maji ya moto? Sumu ya taa ni protini, na protini ikipata joto inaharibika kama ute wa yai kwenye kikaango. Na maumivu yenyewe yanapungua. Kama mna jiko la gesi la kuchemshia chai ya wageni kwenye boti basi dawa mnayo na mlikuwa hamjui.

Kisha hospitali, hata kama maumivu yameisha. Mwiba wa taa una meno pembeni kama msumeno yanayotazama nyuma, ukiingia unapenya, ukitoka unachana, na umevikwa kijingozi ambacho ndo kinabeba sumu, vipande vyake vinabaki ndani vinaoza. Anahitaji kidonda kusafishwa vizuri na sindano ya pepopunda. Na kitu kimoja muhimu kuliko yote, mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni USIUCHOMOE, mkimbize vilevile ulivyo. Yule Steve Irwin wa Australia wa kwenye televisheni, mshika mamba, alikufa tarehe 4 Septemba 2006 kwa mwiba wa taa mkubwa uliompiga kifuani. Sio wa madoa huyu, lile lilikuwa taa lingine kubwa mno. Kwa mguu ni nadra sana kufa, unalia tu.

Ila turudi kwa mgeni wako, alidungwa saa ngapi? Nabashiri: maji yanajaa, mnashuka kwenye boti kwenye maji ya kiunoni, mchangani. Hiyo ndo saa ya taa kuja kula. Ungewashusha juu ya mwamba mtupu au ungewaambia waburute miguu yasingetokea. Na huyu wa madoa ana ujanja mmoja ambao hata wavuvi unawapata: kwa taa wengi mwiba uko karibu na shina la mkia, kwa huyu uko mbali, kuelekea nchani, mmoja au miwili, kwahiyo mtu anashika mkia nusu akidhani yuko salama na mwiba uko mbele ya vidole vyake unamgeukia.

SWALI: Asalaam aleikum. Taa nikimnunua asubuhi nikachelewa kumpika ananuka kama choo, nifanyeje? Na kuna jirani anasema hana magamba hafai kuliwa. (Mama wa Kibandani, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam. Harufu hiyo ni amonia, na pua yako haikudanganyi, inatokana na urea, kitu kilekile kilicho kwenye mkojo. Usimtupe samaki, sikiliza kwanza.

Bahari ina chumvi kali kuliko mwili wa samaki, na chumvi inavuta maji, ndo maana ukimpaka samaki chumvi anatoa majimaji. Kwahiyo samaki wa mifupa akiwa baharini maji yanamtoka muda wote, anakunywa bahari kutwa na kuitema chumvi kupitia mashavuni. Taa na papa wao wamekwenda njia nyingine, wanaibakiza urea kwenye damu na nyama mpaka ndani pakalingana na nje, maji hayana sababu ya kutoka. Ujanja mkubwa huo. Tatizo linakuja akishakufa, vijidudu vinaigeuza ile urea kuwa amonia, na joto letu hili vinafanya kazi kwa kasi. Kwahiyo: mwambie muuzaji amkate mkia na kumtoa damu mapema, mpeleke kwenye barafu, ukifika nyumbani muoshe, mloweke kwenye maji ya ndimu au ukwaju au siki, ukali unaikata amonia. Ama fanya kama wazee, mpasue mtie chumvi umwanike awe ng'onda, baadae unamchemsha unamwaga maji ya kwanza, unamtilia nazi. Taa ng'onda wa nazi na ugali wa muhogo, mi sitasema zaidi hapa ofisini njaa inauma.

Kuhusu magamba mi si sheikh. Kwa watu wa madhehebu ya Shafi ambao ndo wengi pwani, wa baharini wanaliwa, taa na papa wamepikwa mitaa hii tangu mababu. Jirani yako kama ni Ithnaasheri, wale wa Shia, basi kwao kanuni ya magamba ipo, na taa hana magamba ya aina hiyo, mwache na dini yake nawe kula yako, ujirani mwema. Ila huyu wa madoa kwa kweli nyama yake ni kiganja tu, ukinunua kwa ajili ya sufuria la kibanda chukua taa mkubwa.

SWALI: Mbona ziwani kwetu hakuna taa? (Jabedo, Kisumu)

JIBU: Kwasababu hawakufika. Taa ni mtu wa chumvi, na ule mwili wake wa urea niliomweleza mama wa Mombasa ukiuweka maji baridi ya ziwa unafyonza maji kupita kiasi. Wapo taa waliobadilika wakahamia mitoni, Amazoni kule Amerika ya Kusini wamejaa na urea wameiacha kabisa, na Afrika yupo mmoja mto Niger na Benue na Sanaga, Nigeria na Kameruni huko. Victoria nyinyi mna sangara, ridhikeni.

SWALI: Niliokota ufukweni kimkoba cheusi kigumu kina pembe nne, mzee mmoja akasema ni yai la taa. Nimelitunza. Ni kweli? Na taa anataga mangapi? (Mpenda Kuokota, Bagamoyo)

JIBU: Yai ni yai, ila la taa wa mwiba sio. Vimikoba vya pembe nne vinatagwa na ndugu zake wa mbali wasio na mwiba wa sumu, na papa wengine wadogo nao wanataga vya namna hiyo, vyao mara nyingi vina kamba kamba za kujisokota kwenye mimea. Endelea kulitunza, ni kitu kizuri.

Taa wetu wa madoa anazaa. Dume utalijua kwa vidude viwili kama vidole pembeni mwa mwanzo wa mkia, jike hana. Wakati wa kutongozana dume anamfuata jike anamng'ata ng'ata pembeni mwa mwili, ukiona jike ana alama za meno sio papa aliyemkosa, ni mapenzi. Mayai yanakaa tumboni, watoto wanaanza kwa kula kiini chao, kikiisha mama anatoa ukutani mwa mji wa mimba kitu kama maziwa, yenye mafuta na protini, wanakinywa humohumo ndani. Wanaozaliwa hawazidi saba kwa mkupuo. Saba! Kila mmoja na upana wa sentimita 13 au 14, sahani ya kikombe cha chai, na madoa yake ya buluu tayari, mwiba wake umefunikwa ili asimchane mama.

Sasa hapo kwenye saba ndo pananiumiza. Jodari jike anamwaga mayai kwa mamilioni, wakifa laki tano hakuna anayejua. Huyu ana saba. Na kwasababu kila maji yakijaa anapanda kwenye kina kifupi na yakitoka anarudi mwambani, ana sehemu mbili tu za kuishi na zote mbili ziko miguuni mwetu, huko chini zaidi ya mita 30 ni nadra kumkuta, hakimbilii kokote. Juya likikokotwa kwenye majani ya bahari linamzoa. Baruti ikipigwa mwambani nyumba yake inageuka kifusi, na matumbawe yaliyopauka 1998 bahari ilipochemka mengine yalikufa palepale yakamomonyoka. Sehemu ambazo mwamba umelindwa kama Chumbe, Mafia, Kisite huko Shimoni, ukizamisha uso na miwani ya kupigia mbizi hukai sana hujamwona. Sio kwamba huko wanamlinda yeye hasa. Wamelinda jiwe lake.

SWALI: Niko Dubai nafanya kazi kwa familia moja, wana tangi kubwa la samaki na tajiri anataka kuleta huyo taa wa buluu. Nimwambieje? (Dada wa Mbali)

JIBU: Mwambie kwa heshima zote kwamba huyo ni mzuri wa kununua na mgumu wa kufuga. Wengi wakitiwa kwenye tangi wanagoma kula, wanakonda wanakufa, wauzaji wanajua na wanauza vilevile kwa ajili ya rangi. Ukimtazama unadhani hana mahitaji kwasababu kutwa amelala, lakini usiku na maji yakijaa alizoea kutembea uwanja mzima wa mchanga. Na atakayesafisha hilo tangi ni wewe dada yangu, sio tajiri, na mwiba hauchagui.

SWALI: Mhariri, nani alimpa jina huyu samaki? Nafundisha baiolojia na wanafunzi wangu wanadhani majina yote ya kisayansi yalitungwa Uingereza. (Mwalimu, Tabora)

JIBU: Huyu hakupewa Uingereza, mwalimu, na stori yake ni ya huzuni kidogo. Mfalme wa Denmark Frederik wa Tano aliwatuma watu sita kwenda Arabuni, waliondoka Copenhagen mwaka 1761. Mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, kijana mzaliwa wa Finland, mwanafunzi wa Carl Linnaeus yule wa majina ya Kilatini. Akapita Misri, akakaa Bahari ya Shamu akikusanya samaki, mimea, kila kitu, anaandika. Julai 1763 malaria ikamuua Yemen, hajafika miaka 32. Wenzake wakafuata mmoja mmoja, mwisho kati ya sita akarudi mmoja tu, Carsten Niebuhr, mpima ramani, sio hata mtu wa wanyama. Huyo ndo akachukua madaftari ya rafiki yake aliyekufa akayachapisha 1775, na humo yumo taa wetu, kwa jina la Raja lymma. Ule mbele umebadilishwa baadae kuwa Taeniura, lymma imebaki.

Waambie wanafunzi wako samaki yuleyule aliyeandikwa Bahari ya Shamu anapatikana kuanzia Afrika Kusini, kwetu huku, mpaka kaskazini mwa Australia. Bahari moja.

SWALI: Hivi huyo taa ni wa umeme au wa mafuta? Na akizimika unamwasha vipi? (Mtani, Morogoro)

JIBU: Waluguru mkikaa mlimani muda mrefu mnakuwa hivi. Ila umejiingiza mwenyewe, maana taa wa umeme YUPO. Ni wa mviringo, mnene, mvivu, anaishi chini mchangani, Bahari ya Hindi yumo, na pembeni mwa kichwa ana viungo viwili kama figo vya kuzalisha umeme, anampiga samaki shoti akishazimia anamla. Warumi walimjua, daktari wao Scribonius Largus karne ya kwanza aliandika kwamba mwenye kuumwa kichwa awekewe taa wa umeme akiwa hai juu ya paji la uso mpaka maumivu yaishe. Kwahiyo ukishuka pwani ukaona taa wa duara amelala hana mwiba, mshike kwa mikono miwili ukiwa umelowa, halafu uniandikie nani kamwasha nani.